Anwani ya Watu wa Nje

Okidi alipoiwasha ile mashine kwa mara ya kwanza, alimwambia mama yake kwamba kuanzia siku hiyo mtu aliyeko Japani angeweza kuingia chumbani kwao bila kupanda hata boda. Lakica alikuwa akichambua mukene, vile vidagaa vya ziwani, kwenye ungo. Hakuinua macho. Alisema huyo Mjapani avue viatu mlangoni, maana sakafu ameipiga deki asubuhi hiyo.

Hivyo ndivyo walivyozungumza, mama na mwanawe. Okidi alikulia kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari, ambako watoto wa Waacholi, Walugbara na Wateso hutaniana kwa Kiswahili kabla hawajajua kusoma, na Lakica hakuwahi kuwa mama wa kupaka maneno asali. Alikuwa na diploma ya utunzaji wa stoo, na stoo ya shule moja ya Kibuli ilikuwa chini ya ufunguo wake. Sajenti, mumewe, alipofariki, ilibidi wahame laini kama wajane wote. Lakica hakungoja kukumbushwa. Alitafuta vyumba viwili Namuwongo, upande wa juu wa reli ambako maji ya mafuriko hayafiki, akafunga virago, wakahama.

Mashine ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani. Ubavu mmoja haukuwa na kifuniko, na feni ya mezani iliipulizia kutwa isichemke. Okidi aliiweka juu ya kabati la vyombo pamoja na kioo chake na kibodi, na ndani yake akajenga tovuti yake ya kwanza: mitihani ya zamani ya sekondari, aliyoipiga picha karatasi moja moja ili watoto wasio na vitabu waisome bure. Wengine huweka tovuti zao kwenye kompyuta za kampuni, lakini kampuni hizo hutaka kadi ya benki, na Okidi hakuwa nayo. Tena alitaka kitu chake mwenyewe. "Hapa hakuna wa kunifungia," alisema. Ilimchukua wiki tatu za kujifunza, kukosea na kuanza upya. Siku ya mwisho alitoka mbio hadi relini na simu ya rafiki yake, akaifungua akiwa kule, akarudi akicheka peke yake kama mwehu.

Alipopata kazi ya kulinda mageti huko Ghuba, alimwachia mama yake daftari lenye maelekezo: namna ya kubadilisha maneno, namna ya kuhifadhi, namna ya kuwasha upya umeme ukikatika. Kwa kalamu nene akaandika anwani mbili kwenye bati la mashine. Ya juu ilikuwa jina la tovuti. Ya chini ilikuwa mkururo wa namba.

"Ya juu ni ya watu wa nje," alimwambia. "Ya chini ni yetu wa ndani, ukiwa kwenye waifai ya nyumbani. Usizichanganye."

Lakica hakuzichanganya. Mtunza stoo hachukui kitu cha rafu ya juu akakiweka rafu ya chini. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari Okidi alikuwa ameandika sentensi moja na kuipigia mstari: Ukibadilisha ruta, nipigie kwanza.

Mwezi wa Machi, mwaka wa pili tangu Okidi aondoke, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na ruta ikatoa moshi. Mashine ilipona kwa sababu Lakica alikuwa na mazoea ya kuichomoa mvua ikianza kunguruma. Alifungua daftari, akaiona ile sentensi, akampigia mwanawe siku tatu mfululizo. Hakupatikana. Lakica si mtu wa kukaa na kitu kibovu ndani ya nyumba. Alikwenda kwenye kampuni nyingine, wakamletea kisanduku cheupe, na fundi wao akamaliza kazi kwa robo saa. Alisema namba za ndani zimebadilika, akamwandikia mpya. Lakica alichukua rula, akaikata anwani ya chini kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika mpya pembeni. Ya juu hakuigusa. Jina ni jina.

Alijaribu kuifungua hiyo ya juu pia. Ilikataa. Akakumbuka kwamba ile ni ya watu wa nje, na yeye yuko ndani. Akaandika ya chini, na mitihani yote ya Okidi ikatokea, kuanzia fizikia hadi historia. Akaridhika, akaenda kuosha vyombo.

Okidi alipiga simu mwezi wa Aprili, kwa simu ya kuazima.

"Mama, sikiliza tu. Nina dakika moja."

Alisema simu zao wamenyang'anywa na pasi za kusafiria zimefungiwa kwa bosi. Mkataba unaisha mwisho wa Septemba, na wanalazimishwa kusaini mwingine wa miaka miwili, la sivyo pasi hazitoki. Kwenye kibanda cha lindo kuna kompyuta ya kuandikia magari yanayoingia. Humo WhatsApp imefungwa, Facebook imefungwa, barua pepe nazo zimefungwa. "Lakini tovuti yetu inafunguka, mama. Niliiona kabla ya Krismasi. Uliza wanaojua sheria, uniandikie pale nifanye nini. Mkubwa wetu akienda sala ya Ijumaa napata dakika ishirini. Nitaangalia kila Ijumaa."

Simu ikakatika. Alipoipiga tena ile namba, haikupokelewa, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Mama mwingine angekaa chini alie. Lakica alivaa viatu. Kansanga, juu ya duka la rangi, kulikuwa na ofisi ndogo ya kusaidia watu walionaswa ughaibuni, na mwanasheria wake, Aryemo, alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Lakica alimpenda hapo hapo. Aryemo alimweleza kwamba mkataba ukiisha na Okidi hajasaini mwingine, yupo wakili huko huko Ghuba wa kuidai pasi yake, na mahali pa kulala pia papo. Lakini akisaini, amejifunga kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka miwili hakuna atakayeweza kumgusa.

"Kuna mambo mawili tu anayotakiwa kujua," Aryemo alisema. "Asisaini. Na namba hii."

Lakica alirudi, akafungua daftari, akafuata hatua moja baada ya nyingine kwa kidole. Mitihani aliishusha chini. Juu akaweka maneno mekundu, makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaandika: OKIDI, USISAINI. Chini yake namba ya wakili, na maelezo ya namna ya kumfikia. Mwisho kabisa akaandika, Mama yupo. Alihifadhi, akafungua kwa anwani ya chini, akaona kazi yake iko sawasawa.

Sasa nyumbani kwa Lakica mgeni akifika hupewa maji, kiti, na pasiwadi ya waifai. Bando ni ghali, na ua ule wa vyumba tisa ulijilia mtandao wake kama watu wanavyochota maji kwenye bomba la jirani asiye na kinyongo. Yeyote aliyeingia alionyeshwa ukurasa. Walitoa simu zao, wakaandika namba za anwani ya chini kama zilivyo kwenye bati, kwa kuwa walikuwa ndani, na ukurasa ukatokea. Walitikisa vichwa. Wengine waliomba dua pale pale wamesimama. Kanisani aliwagawia watu vikaratasi vyenye anwani ya juu, akawasihi waijaribu wakiwa makwao, na Jumapili iliyofuata akawauliza mmoja mmoja kama wameiona.

"Tumeiona, Mama Okidi," walisema. "Iko vizuri sana."

Aliyeisifu kuliko wote alikuwa Benedicte wa chumba cha nne. Huyu alikuwa Mkongo wa Beni, muuza vitenge Kansanga, ambaye watu walimwita Mama Bénit. Mwanamke mwema, mwenye machozi ya karibu. Benedicte alikuwa amepoteza wadogo zake wawili njiani wakati wa kukimbia vita, na kila alipoliona jina la Okidi kwenye kioo alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Mwishoni mwa ukurasa Okidi alikuwa ameweka namba ndogo ya kuhesabu wageni. Mwezi wa Mei ilisoma mia mbili na kitu. Mwezi wa Julai ikavuka mia tano. Na Ijumaa, jambo la ajabu: Ijumaa mchana namba ile ilipanda kwa haraka kuliko siku nyingine yoyote. Lakica aliomba ruhusa shuleni awe anatoka mapema siku hiyo. Aliketi mbele ya kabati la vyombo kama mtu anayeketi na mgonjwa. Adhana ya mlima wa Kibuli ilipovuka bonde na kufika kwake, aliweka kiganja kwenye bati akasikia joto. Huko nako mkubwa anatawadha, alijiambia. Huko nako mwanangu anaingia kibandani. Namba ikapanda moja, ikapanda mbili, ikapanda nne.

Wakati mwingine alisema naye kimoyomoyo. Umesoma? Soma tena. Andika namba ya wakili kwenye kiganja.

Alihakikisha mashine haizimi. Yaka, ile mita ya kununulia umeme, aliijaza kabla haijalia. Alitafuta betri ya gari na kifaa cha kugeuza umeme, akajifunza kuviunga mwenyewe, na umeme wa mtaa ulipokatika, taa zote za Namuwongo zilizima, ila ile ya kijani juu ya kabati la Lakica. Miezi sita haikulala hata saa moja. Watu wa ua walisema hawajapata kuona mwanamke wa namna ile, naye alipokea sifa hizo bila tabasamu, ila alizipokea. Kilemba cha ukoka humkaa hata mwenye kichwa kigumu.

Septemba ikaisha.

Aryemo alimpigia wakili, na wakili akasema hakuna kijana wa jina hilo aliyemtafuta. Lakica alisema labda anangoja nafasi. Wiki ya pili ya Oktoba alisema hivyo hivyo.

Siku ya Alhamisi alipata habari kwamba Oola amerudi. Oola na Okidi walikua pamoja kule laini, wakasafiri kwa ndege moja, wakapangwa geti moja. Alikuwa amerudishwa kwa ajili ya figo, kwa maana mgonjwa halindi geti. Lakica alitoka stoo saa nane, akapanda mlima kwa miguu hadi kwa shangazi yake Oola, nyuma ya msikiti. Alimkuta kijana kwenye jamvi, amekonda, mashavu yamebonyea. Oola alijaribu kusimama kumwamkia. Lakica alimwambia akae.

Hakuzungusha. "Okidi alisoma nilichoandika?"

"Kusoma wapi, mama?"

"Kwenye tovuti."

Oola aliangalia mikono yake. "Mama, ile kitu ilikufa zamani."

Lakica alimwambia polepole, kama anavyomwambia mwalimu anayedai chaki ambazo hazipo kwenye daftari la stoo, kwamba yeye si mtoto. Tovuti imewaka miezi sita. Wageni mia tisa wameingia. Ijumaa huwa wengi zaidi.

Oola hakubisha. Alisimulia tu, kwa sauti ya mgonjwa. Kila Ijumaa mkubwa wao akienda kusali, Okidi aliingia kibandani, na yeye Oola alisimama mlangoni kuchunga. Kompyuta ilifikiri, ikafikiri, halafu ikaandika kwamba hakuna kitu hapa. Wiki za kwanza Okidi alicheka, akasema mama ameishiwa Yaka, kwani mama yake na ile mita hawajawahi kupatana. Baadaye alisema labda mama anaumwa. Baadaye tena akaacha kusema. Aliingia tu, akajaribu, akatoka. Ijumaa ya mwisho ya Septemba alijaribu mara tano, mpaka mkubwa akamkuta kwenye kiti.

"Alisema nini siku hiyo?" Lakica aliuliza.

"Mama, iache."

"Oola."

"Alisema, mama yangu hajawahi kukosa neno. Kama hakuna neno, basi hakuna njia." Oola alijifuta mdomo. "Jumatatu akasaini. Wamempeleka mbali, jangwani, kulinda mabomba. Huko hakuna kompyuta. Hata kivuli hakuna."

Lakica alinyosha mkono. Oola alielewa, akampa simu yake, iliyokuwa na bando. Lakica aliandika anwani ya juu, jina lote, akalihakiki herufi kwa herufi kama anavyohakiki hati ya kupokelea mali. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kisha kioo kikaandika kwamba tovuti haipatikani.

Bila kuiweka chini simu ya Oola, alitoa yake ya vitufe akampigia Benedicte. Alimuuliza yuko wapi. Benedicte alisema yuko hapa nyumbani, chini ya kibaraza, anasuka nywele za mtoto. Alimwomba afungue ukurasa wa Okidi sasa hivi.

"Iko hapa, Mama Okidi. Iko inafunguka muzuri. Nikusomee?" Na kabla hajajibiwa akaanza kusoma, kwa sauti yake ile ya kanisani. "Okidi, usisaini. Mupigie huyu wakili, namba yake ni..."

Sikio moja la Lakica lilikuwa na maneno yake mwenyewe, yote, bila kukosa hata nukta. Mkononi mwake kulikuwa na kioo cheupe. Oola alimtazama, akaelewa kabla yake, akageuza uso ukutani.

"Mama Bénit," Lakica alisema. "Unatumia anwani ipi?"

"Ile ya chini, yenye ulitupatiaka."

Alikata simu. Alimrudishia Oola yake, akamuuliza shangazi kama mgonjwa anakula, akaaga kama mtu mwenye adabu. Nje, watoto wa shule walikuwa wakitoka, na mmoja wao alimsalimia kwa jina la kazi, "Mama Stoo." Aliitikia. Aliteremka mlima wote akiitikia salamu za watu.

Asubuhi alimleta fundi. Mumbere alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na njia ya kuvukia reli, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Alisimama mbele ya kabati dakika kumi, akagusa hiki na kile, kisha akavua miwani akaishika.

"Mama, hii kazi ya huku ndani umeifanya vizuri," alisema.

"Usinisifu. Niambie."

Mumbere alimwambia. Ndani ya nyumba milango yote ilikuwa wazi, lakini ukuta wa nje haukuwa na mlango. Mwanawe aliutoboa mlango huo kwenye ruta ya zamani, kwa mkono wake, ndiyo maana watu wa nje waliweza kuingia. Kisanduku cheupe hakikutobolewa. Isitoshe, lile jina lilikuwa bado linawapeleka watu kwenye namba ya kampuni ya zamani, mahali ambapo Lakica alikwisha kuhama. Na hata kama angelirekebisha jina, kampuni hii mpya huwaweka wateja wa mtaa mzima nyuma ya geti moja. "Mgeni akifika pale, askari wa getini hajui ampeleke chumba gani. Anamrudisha."

Lakica aliuliza tangu lini.

"Tangu siku mliyoweka hiki kisanduku."

Machi, basi. Kabla ya ile simu ya dakika moja. Kabla ya Aryemo, kabla ya betri ya gari, kabla ya kila Ijumaa aliyoweka kiganja kwenye bati. Hakuna hata mgeni mmoja aliyetoka nje ya ua wake. Wale mia tisa walikuwa vyumba tisa, wakiingia na kutoka.

"Na ningejuaje?" aliuliza. Hakuuliza kwa kujitetea. Alitaka kujua.

Mumbere alisema ukweli, na kwa hilo Lakica alimheshimu baadaye. Alisema ingechukua dakika moja. Mtu mmoja asimame pale relini, azime waifai, aandike lile jina kwa bando lake. Basi.

Alimwekea ukurasa kwenye kompyuta ya kampuni moja ya mbali, kwa kadi yake mwenyewe, akalielekeza jina huko. Chai aliyotengewa ilikuwa bado inatoa mvuke alipomaliza. Wepesi huo ndio uliomkata Lakica maini. Angekuwa ameambiwa kwamba kazi ni ya mwezi mzima, ya wataalamu kutoka ng'ambo, angepata mahali pa kuegemea.

Benedicte aliingia Mumbere alipotoka. Alikuwa amesikia kutoka kibarazani. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akilia tayari.

Alisema mwezi wa Juni, akiwa kwenye meza yake ya vitenge Kansanga, alimfungulia mteja ile anwani ya juu ili naye aombe. Ilikataa. Alidhani bando limeisha. Kesho yake akajaribu tena, ikakataa tena. Akarudi nyumbani, Lakica akamuuliza kama ameiona, naye akasema ameiona, iko muzuri. Labda na wale wa kanisani ni vile vile. Nani angemwambia? Mtu mwenye kidonda humwambii kidonda kinanuka.

"Na ile namba ya Ijumaa," Benedicte alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nakuona umeketi hapo. Nikawa nafungua, nafunga, nafungua, ipande kidogo. Nilitaka upate moyo."

Lakica alimtazama. Feni ilikuwa ikizunguka, ikiipulizia mashine ambayo sasa haikuwa na kazi.

"Mama Bénit," alisema, "nilikuomba uniambie kama inafunguka. Sikukuomba moyo."

Benedicte alifunika uso. Lakica hakuongeza. Angeweza kuongeza, maneno yalikuwepo mengi na makali, lakini kila alilolishika lilikuwa na ncha mbili. Kutoka mlangoni kwake hadi relini ni hatua mia mbili. Okidi alikwenda kwa mbio, na yeye alimwona akienda. Alimwona akirudi anacheka, na akamuuliza kama amemwona Mjapani.

Alinyanyuka akachomoa feni. Halafu akachomoa na mashine. Ukimya uliobaki ulikuwa mkubwa kuliko chumba.

Jumatatu Aryemo alimwambia alilolijua tayari. Saini ni saini. Tutajaribu, alisema, lakini hakusema kwa sauti ya mtu anayetegemea kupata, na Lakica hakumlazimisha aipambe.

Ukurasa bado ulikuwa na yale maneno mekundu. USISAINI, sasa dunia nzima ingeweza kuyasoma. Lakica aliketi nayo jioni tatu. Mumbere alikuwa amemfundisha kuyabadilisha akiwa kwenye kompyuta ya kibandani kwake, na jioni ya nne alikwenda, akayafuta yote, hadi namba ya wakili. Mitihani aliirudisha juu ilipokuwa. Kisha chini yake akaandika, kwa herufi ndogo za kawaida:

Okidi. Sikunyamaza. Mlango ulikuwa umefungwa na mimi ndiye niliyeufunga, bila kujua. Mama.

Alifikiri kuongeza kitu. Kwamba miaka miwili itapita. Kwamba Mungu yupo. Aliona hayo ni maneno ya kutia moyo, akayaacha.

Ijumaa, adhana ya Kibuli ilipoanza, alitoka uani. Benedicte alimfuata nyuma bila kuitwa, akiwa ameshika simu yake mbele yake kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Alikuwa amenunua bando. Walivuka mtaro, wakapita wauza mkaa, wakafika relini. Lakica aliichukua simu, akaizima waifai mwenyewe, akahakikisha imezimika, akaandika jina.

Lilifunguka mara moja. Mitihani yote, fizikia hadi historia, na yale maneno yake machache. Mwisho wa ukurasa, Mumbere alikuwa ameanzisha upya hesabu ya wageni kutoka sifuri. Sasa ilisoma moja.

"Imefunguka," Benedicte alinong'ona.

"Naona."

Treni ya mizigo ilikuwa inakuja, wakasogea kando. Ijumaa iliyofuata Lakica alikwenda tena na simu ile ile, saa ile ile, mahali pale pale. Namba ilisoma mbili. Aliitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Wageni wote wawili aliwajua: ni yeye wa Ijumaa ile na yeye wa leo, na viatu vyao ni hivi alivyovaa, vina vumbi la reli.